Shilingi Hamsini za Jirani

Nilipoanza kazi ya kuweka hesabu katika kituo kidogo cha watoto yatima karibu na Kisumu, katikati ya miaka ya 1990, ukimwi ulikuwa ukituletea watoto kila mwezi. Fedha tulizipata kwa harambee. Tulichapisha kadi zenye nafasi ya jina na kiasi, tukazigawa makanisani na sokoni, na siku ikifika tukampokea mgeni wa heshima. Jogoo alinadiwa, akanunuliwa, akarudishwa mezani, akanadiwa tena. Mchango wa mheshimiwa ulitangazwa kwa kipaza sauti. Wa mama muuza omena uliishia kwenye kadi. Enzi hizo kulikuwa na machifu waliowashurutisha wananchi kuchanga, kwa hiyo wengi walitoa huku wamenuna.

Mwaka 2003 mambo mawili yalibadilika. Nchini, sheria ya maadili ya watumishi wa umma iliwabana maafisa wa serikali waliozoea kuchangisha. Ng'ambo, Marekani ilianzisha mpango wa PEPFAR, na sheria yake ikatenga asilimia 10 ya fedha kwa yatima na watoto walio hatarini. Sehemu ndogo ilitufikia kupitia shirika kubwa zaidi. Kadi hazikuchapishwa tena. Mchana nilikuwa na stakabadhi, usiku nikiandika ripoti za kupelekwa mbali, na majirani wakazoea kutuita watu wa wafadhili.

Huduma ya kutuma fedha kwa simu, M-Pesa, ilipozinduliwa mwaka 2007, hatukuihusisha na kazi yetu. Kilichotuzindua ni ukame wa 2011, wakati kampeni ya Kenyans for Kenya ilipolenga kuchangisha shilingi milioni 500 ikavuka lengo. Wenye makumi walituma makumi kwa M-Pesa, bila jukwaa wala mgeni wa heshima. Tukafungua namba yetu ya Paybill ya kupokea michango kwa simu.

Halafu gharama ya maisha ikapanda. Mwaka 2023 VAT ya mafuta iliongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na wenye mishahara wakaanza kukatwa tozo ya nyumba ya asilimia 1.5. Michango ya elfu moja ikawa mia mbili, ya mia mbili ikawa hamsini. Januari 2025 Rais Trump akasimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na fungu letu la PEPFAR likakatika.

Waliobaki nasi ni wale wa hamsini. Siku hizi kila Ijumaa tunaweka hesabu kwenye kundi la WhatsApp: kilichoingia, kilichotoka, na picha ya risiti. Hawanyamazi. "Mweka hazina, mbona gunia la mahindi mmenunua bei hiyo?" aliuliza mama mmoja wa sokoni, kisha akatuelekeza kwa mkulima wa bei nafuu. Hakuna ripoti yangu ya zamani iliyowahi kuniletea jibu kama hilo.

Shilingi hamsini hazizibi pengo lote. Matibabu na karo bado vinatuelemea, na serikali haina budi kubeba mzigo wake. Lakini mwaka huu watoto wamekula. Kituo kinachotaka kuvuka nyakati ngumu kianze kuomba kwa anayepita langoni pake kila siku, kimhesabie kila senti, na kikubali kuulizwa. Anayeuliza bei ya gunia amekwisha kujiona mwenye kituo, na mtu hakitupi kilicho chake.