Maji ya Tangi la Juu

Wete, Pemba

Mpwa wangu mpenzi,

Barua yako nimeipata, na lililonikosesha usingizi humo ni lile uliloliandika mwishoni kana kwamba ni dogo: kwamba ulipolala kwa mama yako, alfajiri nawe ukasikia harufu ya dawa kwenye maji. Kwamba mama yako anaumwa, tulikwishajua. Kwamba dada yako amemfuata, tulikuwa tunaanza kujua. Wewe wa tatu hatukukutarajia.

Hali hii si ngeni kwetu tuliofanya kazi ya uuguzi. Mwaka 1877 madaktari wawili wa Ufaransa, Lasègue na Falret, waliandika juu ya wazimu wa watu wawili, na ukiwasoma utadhani walipata kuingia nyumba ile. Mmoja ndiye mgonjwa hasa, naye ndiye mwenye kauli. Wa pili anamtegemea; wameishi pamoja muda mrefu, wamejitenga na watu. Ila walisema na jambo ambalo wengi hulisahau: huyu wa pili haimezi hadithi nzima. Anabisha, anapunguza, anarekebisha, mpaka yale yasiyowezekana yanaanguka na yanabaki yanayoweza kuaminika.

Kumbuka ilivyoanza. Mama yako alisema mpangaji wa juu anamvuta mawazo kwa nyaya zilizopitishwa darini. Dada yako alikataa, akapanda ngazi mwenyewe kuangalia, asione hata waya mmoja. Siku hazikupita nyingi, nyaya zikasahauliwa, ikawa ni dawa inayotiwa kwenye tangi. Tangi lilitajwa na nani kwanza? Na dada yako, katika kutafuta namna ya kumwelewa mamake. Ubishi wake wa mapenzi ndio uliosafisha hadithi hata ikaweza kutoka nje. Sasa bomba la jikoni limefungwa mfuko wa plastiki kwa uzi wa cherehani, maji ya kunywa yananunuliwa kwa madumu, na mgeni akiingia anasimuliwa habari ya jirani mbaya. Nani hapa duniani hana jirani mbaya?

Wewe uliikuta hadithi imekwisha kuchujwa. Ukalala chumba chenye madirisha yaliyozibwa, ukaamka na kiu, na watu wawili uwapendao wamesimama wanakutazama unywe. Hata pua yangu mimi ingenusa kitu.

Umeniuliza, "Mjomba, wawili watakoseaje pamoja?" Mwanangu, hao si mashahidi wawili. Ni shahidi mmoja na msikilizaji wake. Ukijiongeza wewe, shahidi ni yule yule.

Hadithi ya namna hii haiishii nyumba moja. Mwaka 1995 ulikuwa hujazaliwa. Mwezi wa Ramadhani, jini aitwaye Popobawa alianzia huku kwetu Pemba akavuka hadi Unguja, na watu wazima wenye heshima zao walilala nje, wamekusanyika kando ya moto. Yaliyosimuliwa na wengi muuguzi anayajua: mtu kaamka, kifua kimekandamizwa, kiungo hakitikisiki, na anahisi kuna kitu chumbani. Jinamizi hilo, la tangu enzi. Lakini hadithi ya mwaka ule ilibeba amri ndani yake: aliyetembelewa asipowaeleza wenziwe, atarudiwa. Basi mume anaamka na hofu, anaogopa kunyamaza, anamweleza mkewe. Usiku wa pili mke analala akimngojea. Wengi wao hawakusema uongo, na ndivyo ilivyoenea. Tena ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mapinduzi, nyoyo zimekwisha kutaharuki. Huko Unguja umati ulimuua mtu mwenye maradhi ya akili kwa kumdhania ndiye.

Ndiyo sababu namwogopea yule mpangaji. Usiliingize neno la tangi kwenye kundi la familia la WhatsApp, hata kwa kuuliza tu. Binamu zako nawajua.

Na mama yako usibishane naye. Akikuuliza kama unaamini, mwambie unaona anavyoogopa na unataka apate usingizi. Maji usiyapeleke kupimwa ili umridhishe. Yakitoka safi, itakuwa mpimaji kahongwa.

Anayetoka kwanza ni dada yako. Wale Wafaransa walishauri watu hawa watenganishwe, na mara nyingine wa pili, akishakaa mbali, hupoa kidogo kidogo bila kushindwa kwa hoja. Wa kwanza hapoi kwa hilo pekee. Yeye anahitaji tiba. Mama yako mdogo amekubali kuhamia kwa mama yako, naye ndiye atakayempeleka hospitali ya Kidongo Chekundu. Najua jina hilo linavyotajwa mjini kwa kejeli. Madaktari wa kazi hii ndiko waliko, na kejeli haijapata kumtibu mtu.

Dada yako usimwambie anaumwa. Mwambie amechoka, kwani tangu baba yenu afariki amemuuguza mama peke yake, na sisi wengine tukipiga simu siku ya Idi tu. Aje Jumamosi, nitampokea bandarini. Cherehani aje nayo. Harusi zimeanza huku na mafundi ni haba, hatakaa bure. Nauli naituma kwa simu yako kesho, na ya kupakia cherehani pia.

Mjomba wako