Mchezo Uliotungwa Kambini

Ndugu mwanafunzi, sisi wa Bisibo tunajua ukimbizi ni nini. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo, wakaingia wilaya ya Ngara kwa maelfu. Kwa hiyo nataka umjue Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda.

Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu, akamnunulia kompyuta. Ili kuichaji, Lual alitembea kwa saa tatu. Akajifunza mwenyewe kuandika programu, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata kwa utaratibu. Agizo likikosewa, kompyuta haikisii. Hufanya lile lililoandikwa.

Mchezo wake wa kwanza aliuita Salaam, maana yake amani. Aliwarushia wenzake kutoka simu hadi simu, bila waya. Baadaye aliutengeneza upya: mchezaji akawa mkimbizi anayekimbia vita, naye huhitaji maji, chakula na dawa. Mwaka 2018 alitunukiwa huko Marekani.

Naona fundisho hili: kazi ya kwanza ni mwanzo tu. Tunga, jaribu, tazama kasoro, rekebisha, kisha jaribu tena.

Sasa fanya hivi. Andika kanuni za bao kwa maagizo mafupi. Mpe mwenzako asiyejua bao ayafuate, nawe ukae kimya. Pale atakapokwama, ndipo agizo limepungua. Lirekebishe.