Tanuri la Vioo Lina Funzo

Msomaji, ukitoka Nairobi kwa Barabara ya Magadi, unafika Ongata Rongai, Kaunti ya Kajiado. Eneo hilo, karibu na bonde la mto Mbagathi linalovukwa kwa daraja la kuning'inia, lina karakana za vioo za Kitengela, kazi iliyoanzishwa na Nani Croze, msanii mzaliwa wa Ujerumani.

Humo vioo vikuukuu huyeyushwa kwa joto linalozidi nyuzi 1,000. Tanuri likifuka moshi mweusi, moto umekosa hewa. Bilauri ikipoa upesi hupasuka, hivyo hupozwa pole pole ndani ya tanuri jingine.

Kijana akiyaona hayo huenda akatamani kuyeyusha risasi ya betri nyumbani, atengeneze chubwi za mishipi. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu. Jiko la makaa latosha. Hapo ndipo penye hatari! Tone la maji huirusha risasi ya moto usoni, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhurika kwa kiwanda cha kuyeyusha betri.

Mzazi, mpeleke mwanao kwenye karakana hizo akatazame mafundi. Sufuria ya nyumbani na ipike ugali.