Kalemie: Mzee apanga reli ya kilomita 273 katika chumba cha mita 3

KALEMIE, jimbo la Tanganyika. Katika mtaa mmoja wa mji huu, mzee wa miaka 67 aliyefanya kazi ya reli karibu maisha yake yote anataka kujenga treni ndogo ndani ya chumba anachopanga na familia yake. Si treni ya kununua dukani. Vagoni zitakuwa makopo ya sardini, reli zitakuwa waya, na milima itakuwa katoni iliyopakwa udongo. Kwa miezi mitatu alikuwa anapanga tu, hajakata hata ubao mmoja. Majirani walianza kumcheka.

Mzee huyu hakuzaliwa mjini. Alikuwa akibadilisha njia za treni katika kituo cha Kabalo, na alipostaafu alirudi kulima mihogo na karanga katika kijiji kilicho kando ya reli, kati ya Niemba na Nyunzu. Mwaka 2017, wakati wa mapigano kati ya Batwa na Baluba, malaki ya watu walikimbia makwao katika jimbo hili. Familia yake ilikuwa kati yao. Walipita kwenye kambi, kisha wakapata chumba cha kupanga. Ndani wanalala watu sita: yeye na mke wake, kijana wao wa miaka 24, na wajukuu watatu. Mjukuu mdogo ana miaka 9. Kijiji hakijui. Kila mara anapoulizwa anatoka wapi, anajibu kwamba anatoka kambini.

Jibu hilo ndilo lililomfanya mzee achukue kalenda ya zamani, aigeuze nyuma, na kuanza kuchora.

Chumba kina urefu wa mita 3 na upana wa mita 2 na nusu. Mzee alikipima kwa metre ya seremala, halafu akakichora kwenye kalenda kwa kipimo cha 1 kwa 10, hivi kwamba chumba chote kikaingia katika sentimita 30 kwa 25. Kwanza hakuchora reli. Alichora vitu visivyoweza kuhama: mlango ulio upande wa kusini na jinsi unavyofunguka, dirisha, kitanda, mahali pa bidoni za maji, na ukuta wa magharibi ambapo mke wake anapanga sufuria. Mama alitoa sharti moja tu: ukuta wa sufuria usiguswe, na watoto wasikose pa kutandika mikeka.

Hapo reli ikabaki na kuta mbili, ule wa mashariki na ule wa kaskazini, zinazokutana pembeni kama herufi L. Mzee aliridhika, kwa sababu mashariki ndiko liliko ziwa. Kalemie ya ubao itakaa upande uleule jua linapotokea juu ya maji, na treni itatoka hapo kwenda magharibi kama inavyokwenda kweli. Ubao utakuwa na upana wa sentimita 35, usizidi, ili mkono ufike mpaka ukutani treni ikianguka. Utasimama mita 1 na sentimita 10 kutoka chini. Mtoto wa miaka 9 ataona vizuri, na mikeka itapita chini yake usiku.

Kisha likaja swali la ukubwa. Huko Ulaya na Marekani, wengi wanaopenda treni ndogo wanatumia kipimo cha 1 kwa 87. Kwa kipimo hicho, kilomita 273 za kutoka Kalemie mpaka Kabalo zingehitaji zaidi ya kilomita 3 za reli ndogo. Mzee alianzia upande mwingine. Alishika kopo la sardini. Lina upana wa sentimita 6, naye anakadiria upana wa vagoni kuwa mita 2 na sentimita 70. Basi kipimo chake ni 1 kwa 45, na kopo ndilo lililoamua. Reli zetu zina milimita 1067 kati ya chuma na chuma. Kwake itakuwa milimita 24 hivi. Makopo mawili yakiunganishwa ni vagoni moja. Kichwa cha treni na vagoni tatu vinafika karibu mita 1.

Kwa kipimo hicho, mita 5 za ubao alizo nazo ni sawa na mita 225 za njia ya kweli. Hata uwanja wa kituo kimoja hauingii humo. Hapa ndipo mzee alipotulia muda mrefu, kwa sababu aliona wazi kwamba kazi yake si kuifanya reli iwe ndogo. Kazi yake ni kuchagua kipi kitabaki na kipi kitaachwa.

Mtu wa reli anajua kwamba treni haifiki tu, inabidi pia irudi. Kichwa kikifika mwisho wa njia, kinakatwa, kinapita kwenye njia ya pembeni, na kuja kushikana na vagoni upande wa pili. Kwa hiyo kila kituo cha mwisho kinahitaji njia mbili sambamba zinazoungana huku na huku, na kwa treni yake hiyo ni mita 1 na nusu. Vituo vinne vya aina hiyo, yaani Kalemie, Niemba, Nyunzu na Kabalo, vingekula mita 6. Vingekuwa vituo vitupu bila safari. Mzunguko nao haukufaa: kona kubwa ya kutosha ingefunga mlango, na tena reli ya kweli haizunguki.

Kalemie hakuna aliyeipinga. Ni mwanzo wa njia, mji uliokuwa ukiitwa Albertville, na reli kutoka Kabalo ilifika hapa ziwani mwaka 1915, mwaka mmoja tu baada ya ile ya Dar es Salaam kufika Kigoma ng'ambo. Kabalo pia haikuachwa, kwa sababu hapo ndipo njia zinagawanyika, moja kwenda Kongolo na Kindu, nyingine kwenda Kamina tangu 1956. Mzee ana jambo lingine moyoni kuhusu njia hii. Baba yake alikuwa kibarua wa reli katika miaka ya 1950, wakati njia ya mita 1 kamili ilipopanuliwa kuwa milimita 1067. Chuma kilisogezwa milimita 67 kwa nguvu za mikono. Mjukuu alipoonyeshwa milimita 67 kwa vidole, alishangaa kwamba watu wengi walifanya kazi yote ile kwa kitu kidogo hivyo.

Zikabaki mita 2 katikati. Hapo ndipo nyumba iligawanyika.

Kijana alitaka Nyunzu. Alisema ni mji, ndipo ilipo serikali ya teritwari, na mtu yeyote atautambua. Mama alitaka kijiji chao. Kijana akajibu kwamba pale hakuna kitu tena, nyumba ziliungua, na treni yenyewe haikuwa inasimama kila mara. Mama akamwambia ilikuwa inapunguza mwendo, na hapo ndipo alipokuwa anauza karanga zilizomlipia masomo. Kijana alinyamaza. Kesho yake, Niemba na Nyunzu ziliandikwa kwenye mchoro kama majina tu, yatakayopakwa rangi ukutani juu ya ubao, na katikati mzee akaanza kuchora kijiji.

Alichora nyumba kumi na mbili, mwembe mkubwa, kisima na njia ya kwenda mashambani. Zote zilikuwa upande mmoja wa reli. Upande wa pili alichora miti. Mjukuu alikuwa amesikia hadithi nyingi za bibi yake, za asali na nyama ya porini iliyobadilishwa kwa chumvi na mihogo. Akauliza: "Kambo, na wale wa ng'ambo ya reli, walikuwa wanakaa wapi?"

Hakuna aliyemjibu jioni ile. Wale wa ng'ambo ya reli walikuwa Batwa. Familia hii ilikimbia kwa sababu ya vita kati ya pande hizo mbili, na kila upande uliacha makaburi. Kijana alipoteza rafiki. Alisema waziwazi kwamba hatakata katoni kwa ajili ya nyumba zile. Mzee hakumlazimisha. Lakini mtu aliyeshika kazi ya kubadilisha njia miaka mingi anajua kwamba ukiificha njia moja kwenye mchoro, ajali inakungoja palepale. Alifuta miti mitano na kuchora nyumba sita. Amesema atazikata mwenyewe, kwa katoni ileile.

Mengine yalikwenda haraka. Mwenye nyumba alikataa misumari ukutani, na ukuta wenyewe ni wa matofali mabichi yasiyoshika msumari. Kwa hiyo ubao utasimama kwa miguu yake. Utakatwa vipande vinne, kila kimoja na miguu minne na boliti mbili za kukiunganisha na mwenzake, na hakuna kitakachozidi urefu anaoweza kubeba mtu mmoja kupita mlangoni. Familia imehama mara tatu tangu 2017. Mzee alipanga namna ya kuivunja reli kabla ya kupanga namna ya kuijenga.

Kwa wanaotaka kujaribu nyumbani, ushauri wake ni mfupi. Pima chumba kabla ya kuota treni. Kubaliana na wanaolala humo. Chora chini kwa makala treni nzima na njia yake ya pembeni, uone kama inaingia kweli. Jenga kipande kimoja kwanza, uone makosa yake, ndipo ukate cha pili.

Kipande cha kwanza kimesimama tangu wiki iliyopita. Si Kalemie, si Kabalo. Ni kijiji. Mwembe bado haujawekwa, kwa sababu mzee anasema ulikuwa hatua ishirini kutoka kwenye reli na mama anasema thelathini, na kwa kipimo chao tofauti hiyo ni zaidi ya sentimita 15, karibu nusu ya ubao.

Kijana amejitolea kwenda kuhesabu hatua mwenyewe, kwa treni ikipatikana, la sivyo kwa pikipiki mpaka itakapofika. Ataangalia pia kama shamba lina mtu. Mama amemfungia kilo mbili za chumvi. Moja ni ya njiani. Nyingine ni ya mwanamke mmoja wa ng'ambo ya reli, kama bado yupo. Kijana ameiweka kwenye mfuko wake pamoja na metre ya seremala, na hajasema atampa au hatampa.