Kikapu cha Ngara kinapokwenda mjini

Ukitoka Kahama, ndugu msomaji, ukapita Nyakanazi na Lusahunga katika Wilaya ya Biharamulo, barabara hukupeleka kwenye vilima vya Ngara hata Rusumo, ambako Mto Kagera huporomoka mpakani mwa Tanzania na Rwanda. Kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Malori ya mizigo huimaliza safari hiyo kila siku. Vikapu vya kina mama wa Ngara, aghalabu, haviimalizi.

Si kwamba huko hakuna mafundi. Katika nchi ya Wazinza, Warongo waliyeyusha mawe ya chuma kwa makaa na mivukuto, na majembe yao yakalima Usukuma kabla ya jembe la dukani kufika. Kwa Wahangaza na Washubi wa Ngara, kikapu cha ususi wa kuzungusha hubeba maharage, hubeba unga, hubeba zawadi ya harusi. Anayekiita chombo cha jikoni tu hajakitazama.

Basi tumfikirie mama mmoja amefunga mzigo wake kuja kwenye Maonyesho ya Sabasaba, Barabara ya Kilwa. Amelipa nauli, atalipa malazi, na kila siku atakula. Hapana shaka atauza. Lakini maonyesho hufungwa, na mabanda yakishafungwa hesabu yake ya kweli ni watu aliofahamiana nao: mwenye duka atakayeagiza tena, fundi mwenziwe atakayempa kona ya kuweka mzigo mwakani. Asipowapata hao, amekuja kufanya uchuuzi wa gharama kubwa.

Mtazame Edward Saidi Tingatinga. Naye alitoka mbali, Tunduru, akachora kwa rangi za baiskeli na kuuza picha zake Oysterbay. Alipofariki mwaka 1972 alikuwa amekwisha kuwafundisha jamaa zake. Hao wakaendelea, wakaunda ushirika mwaka 1990, na mtindo wenyewe ukabaki na jina lake. Wachongaji wa Kimakonde nao, kijana akifika Mwenge kutoka kusini, hupokewa na jamaa aliyetangulia, akapewa gogo na tezo.

Mtu wa Ngara hana jamaa wa namna hiyo pwani, na sababu ni ya kihistoria. Wazee wake walipotafuta kazi ya mshahara enzi za ukoloni, walielekea kaskazini, kwenye mashamba ya Buhaya na Buganda. Njia ya Dar es Salaam haikukanyagwa sana.

Kwa hiyo ni lazima aifungue mwenyewe. Mikocheni ipo Nafasi Art Space, iliyoanzishwa mwaka 2008, ambako wachoraji na wachongaji wana karakana zao na mgeni anaweza kuzungumza na msanii akiwa kazini. Siku moja ya kushinda pale, bila kuuza hata kikapu kimoja, inaweza kumfaa kuliko siku tatu za kuita wateja Sabasaba. (Wenye maduka ya zawadi hawapendi ushauri huu.)

Lakini upo mji mwingine mkubwa ulio karibu naye zaidi, nao ni Kigali, kama kilomita 160 tu kutoka Rusumo. Njiani, Nyakarambi, wanawake wa ushirika hutengeneza imigongo, picha za mistari iliyoinuka zinazofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe na kupakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Vikapu vya Rwanda vilianza kuuzwa katika duka la Macy's, New York, mwaka 2005. Soko hilo linavutia, na ni haki ya mama wa Ngara kulifuata. Ila kikapu chake kikivuka daraja la Rusumo bila karatasi yenye jina lake na la kijiji chake, mnunuzi atakichukua kama kikapu cha Kigali, na Ngara haitatajwa popote.

Wewe msomaji, Julai ukiwapeleka watoto Sabasaba, ukakiona kikapu kilichokupendeza, usianze na bei. Uliza nani alikisuka, na wapi. Muuzaji akijibu kwamba "vimetoka bara", ujue amenunua kwa mchuuzi. Akikutajia mtu na kijiji, mwombe akuandikie majina hayo kwenye risiti, ndipo muanze kupatana.