Birere, kwa fundi wa kompyuta

Goma tunatembea juu ya mawe meusi ya Nyiragongo. Mlima ulimwaga moto mjini Januari 2002, na mpaka leo vumbi lake liko kila mahali: kwenye nguo, kwenye unga, hata ndani ya kompyuta ya chama.

Mashini hiyo ya zamani, inayobeba hesabu za likelemba yetu, ilikuwa inapata joto kama pasi na kuzimika katikati ya mkutano. Tukaipeleka Birere, kwa fundi mwenye meza ndogo pembeni ya njia ya machukudu. Aliifungua mbele yetu. Feni ilizibwa na vumbi lililoshikana kama sufi! Alilitoa kwa brashi, akapaka dawa mpya nyeupe, ile inayopitisha joto litoke kwenye prosesa. Bei tulibishana kama sokoni.

Wamama, mashini inapumulia chini: haiwekwi juu ya kitanda wala kikwembe. Na betri ikivimba, msiichaji tena, inaweza kuwaka, fundi aitoe.

Yetu haijavimba, ila imezeeka, fundi hakutuficha. Basi tulimwomba ahamishe hesabu zote kwenye fulashi, jina la kila mama na pesa yake. Fulashi inakaa kwa mweka hazina, pamoja na daftari.