Mahali pa Kusimama Usiku wa Mwaka Mpya Mjini London

Kila tarehe 31 Desemba, itimiapo saa sita ya usiku, kengele kuu ya London iitwayo Big Ben, ambayo uzito wake wapita tani 13, hupiga mara kumi na mbili kuuaga mwaka. Papo hapo fataki hurushwa kando ya mto Thames, na kwa muda wa dakika kumi na mbili hivi mbingu hugeuka nyekundu, kijani, samawati na rangi ya dhahabu. Miongoni mwa watazamaji wamo ndugu zetu wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania waishio huko kwa masomo au kwa kazi, na wageni waliokwenda kuwaamkia. Swali lao wote ni moja: tusimame wapi?

Kwanza yafaa kujua fataki zenyewe zatoka wapi. Ukingoni mwa mto pana gurudumu kubwa la chuma liitwalo London Eye, ambalo kimo chake ni mita 135. Fataki nyingi hurushwa kutoka kwenye gurudumu hilo, na nyingine kutoka kwenye matishari yaliyotiwa nanga mtoni. Kwa hiyo mahali palipo bora kwa mtu atakaye kuwa karibu ni ng'ambo ya pili, katika barabara ya Victoria Embankment, iliyojengwa ukingoni mwa mto katika karne ya 19. Aliyesimama hapo hulitazama gurudumu uso kwa uso, bila nyumba wala mti kumkinga.

Lakini mahali hapo si pa kila mtu tena. Zamani mtu yeyote aliweza kushuka mtoni na kusimama bure. Umati ukaongezeka mwaka hata mwaka, hata ikakadiriwa ya kwamba walifika watu wapatao nusu milioni mahali palipotosha watu laki moja tu. Wakuu wa mji wakaogopa watu wasije wakakanyagana. Basi mwaka 2014 walianza kutoza ada ya paundi 10 kwa kila mtu, wakatoa tiketi laki moja. Tangu hapo bei imepanda, na tiketi hununuliwa mapema sana. Asiye nayo hurudishwa na polisi vizuizini, hata kama amesafiri kutoka mbali namna gani.

Hatuwezi kuwalaumu waliotaka kulinda uhai wa watu. Hata hivyo, mtu mwenye mke na watoto wanne, ambaye mshahara wake ni wa kufagia ofisi usiku, ni lazima apige hesabu. Akizilipa tiketi zote, huenda Januari ikamkuta hana nauli. Tena mwenye tiketi naye ana taabu zake. Kwa kawaida milango hufunguliwa saa mbili za usiku, naye hungoja kwa miguu saa nne nzima katika baridi kali, kwa maana ni kipupwe na jua limekwisha kutua tangu saa kumi za jioni. Mzee au mtoto mdogo hawezi kustahimili hayo kwa urahisi.

Kwa bahati njema mji wa London una vilima, navyo havitozi ada. Kilicho karibu ni Primrose Hill, upande wa kaskazini, yapata kilomita tano kutoka mtoni. Mbele kidogo, katika mbuga ya Hampstead Heath, kipo kilima cha Parliament Hill ambacho kimo chake chakaribia mita mia. Upande wa kusini-mashariki yupo Telegraph Hill, mahali ambapo mwishoni mwa karne ya 18 palikuwa na kituo cha kupasha habari kwa ishara. Ikiwa watu wa kale waliweza kuonana kwa ishara kutoka hapo, wewe nawe hutakosa kuona baruti iangazayo mbingu.

Lakini mwenye busara huuliza kwanza. Bustani ya Greenwich, kwa mfano, ina kilima kizuri mno, lakini milango yake hufungwa jioni. Afikaye saa tano za usiku ataona kufuli tu, na itampasa apande juu zaidi kwenye uwanja wa Blackheath. Primrose Hill nacho chaweza kufungwa usiku huo kwa ajili ya usalama. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Mtu aweza kushangaa jinsi mji mkubwa hivyo, wenye majumba marefu, ulivyobakiza nafasi ya kuona mbali. Jambo hili halikutukia lenyewe. Tangu miaka ya 1930, majumba yalipoanza kulificha kanisa kuu la St Paul's, ziliwekwa kanuni za kuzuia majengo yasizibe mtazamo wa kanisa hilo. Siku hizi mitazamo ya kutoka Primrose Hill, Parliament Hill, Greenwich na Blackheath yote imehifadhiwa katika mipango ya mji. Tajiri aweza kununua kiwanja, lakini hapati ruhusa ya kujenga apendavyo na kuwaziba macho maskini walioko kilimani.

Atazamaye kutoka mbali ataona ajabu moja ambayo wa karibu hawaioni. Nuru husafiri upesi sana, hata huonekana mara ile ile, lakini sauti huenda polepole, kiasi cha kilomita moja kwa nukta tatu. Kwa hiyo aliye Primrose Hill huona ua la moto likichanua kimya, kisha baada ya nukta kumi na tano ndipo asikiapo mshindo wake. Huko Parliament Hill hupita kama nukta ishirini. Mweleze mtoto jambo hili, naye atahesabu kwa vidole na kujifunza kitu asichokisahau.

Yako na mambo madogo ya kuangalia. Angalia upepo unakovuma, kwa kuwa fataki za kwanza huacha moshi mwingi, na aliye upande unakoelekea moshi huo huona wingu tu. Fika mapema mchana ukakague miti na nyumba zilizo mbele yako. Vaa nguo nzito, na chukua chai ya moto katika chupa yake. Zaidi ya yote, aganeni mahali pa kukutana mtu akipotea, maana simu huweza kugoma wakati kila mtu apigapo kuwatakia jamaa zake heri.

Kisha ifikirie njia ya kurudi. Kwa miaka mingi mabasi na treni za mji zimewachukua watu bure usiku huo baada ya fataki, lakini stesheni zilizo karibu na mto husongamana mno, na nyingine hufungwa kwa muda. Aliye kilimani aweza kufika nyumbani na kulaza watoto wake, na wa mtoni wangali foleni.

Basi, kwa mtu mmoja kijana mwenye fedha na miguu imara, Embankment ndipo mahali pake. Kwa jamaa nzima, kilima ni bora. Nasi katika miji yetu tujifunze. Pale Nairobi mteremko wa Uhuru Park wampa mwananchi nafasi ya kuutazama mji wake wote. Mahali pa namna hiyo palindwe, kwa kuwa pakishajengwa hapatarudi, na furaha ya sikukuu itakuwa ya wale tu wawezao kuilipia.